Meli ya Waviking iliyopinda kama ndizi

Hii kazi haikuwa yangu jamani, ilikuwa ya mwanangu. Alikuwa darasa la tano, shuleni wanasoma mambo ya Waviking, wale mabaharia wa zamani wa huku Norwe na majirani zake, akaja nyumbani anataka tutengeneze meli ya mbao, na mimi bila hata kuuliza nikaagiza boksi zima la modeli, skeli ya 1:35, yaani ndogo mara 35 kuliko meli yenyewe, picha juu ya boksi inang'aa kama keki ya harusi. Mtoto alifanya siku tisa. Siku ya kumi kaniambia mama gundi inanuka, akarudi kwenye gemu zake, mimi nikabaki na meza ya kulia chakula imejaa vijiti. Nilitaka nitupe. Ila huku Norwe mwezi wa kumi na moja saa kumi jioni tayari giza, natoka kazini saa tisa na nusu, sasa unakaa unafanyaje, nikasema acha nigundishe kamoja tu kabla sijabandika wali. Imenichukua miezi kumi na minne.

Mimi mtu wa Tanga, naishi Sandefjord, na kabla ya hilo boksi nilikuwa napita karibu na kilima cha Gokstad mara nyingi tu bila kujua ni nini, naona kimeinuka pale kimeota majani watoto wanateleza na barafu, basi. Kumbe humo ndimo ilimofukuliwa meli yenyewe niliyokuwa naijenga. Vijana wa shamba lile ndo walianza kuchimbachimba wenyewe, wakakutana na mbao, halafu mwaka 1880 akaja mtaalamu wa mambo ya kale anaitwa Nicolay Nicolaysen akasimamia uchimbaji. Chombo cha mita 23 na ushee, upana kama mita 5, mbao za mwaloni, kimejengwa kama mwaka 890, kimekaa ardhini miaka karibu elfu moja hakijaoza kwa sababu kilifukiwa kwenye udongo wa mfinyanzi wa bluu usiopitisha hewa. Humo kilimani kulikuwa na mwanaume mmoja kazikwa, na farasi 12, na mbwa, na tausi wawili. Tausi! Nilipomwambia mjomba hilo la tausi aliona namdanganya. Tausi asili yake India, sasa amefikaje huku kwenye baridi miaka ile, ila na sisi watu wa pwani tunajua bidhaa inavyosafiri, inapita mkono huu na ule mpaka mwenye mali wa kwanza hajui imeishia wapi.

Turudi kwenye boksi. Maelekezo yalikuwa kurasa nne, michoro mingi maneno machache, na kwa kuwa mimi sijawahi kushika randa maishani niliyafuata kama dawa ya hospitali. Kwanza mkuku, ule uti wa mgongo wa chini wa chombo, halafu mataruma ya plaiwudi unayachomeka juu ya mkuku kama mbavu za samaki, halafu ndo unaanza kuvika mbao, 16 kila upande. Mbao ya juu inaikalia kidogo ile ya chini, kama mabati ya nyumba, siyo kama majahazi yetu ambayo mbao zinakutana kingo kwa kingo. Nikaanza upande wa kushoto. Mbao ya kwanza ilinisumbua usiku mzima, ya pili ikaja vizuri, ya tatu vizuri zaidi, mkono ukakolea, nikawa napiga tu, kushoto kushoto kushoto mpaka ya sita, najisifu kabisa, nasema nikimaliza upande huu ule wa pili utakuwa mteremko.

Asubuhi moja naamka naiangalia kwa mbele, nimekaa na kikombe cha chai mkononi, naona omo, yaani mbele ya chombo, inaangalia jikoni na tezi, nyuma yake, inaangalia jikoni. Katikati imebinuka kuelekea dirishani. Ndizi kabisa. Nikasema labda ni macho, nikachukua rula, siyo macho.

Nikampigia mjomba video kol. Mjomba wangu alikuwa fundi wa majahazi Pangani enzi zake, sasa mgongo umemkatalia, anakaa barazani anakosoa wengine. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, hujambo? Geuza simu nione hicho chombo." Nikageuza. Kimya. Nikajua tu. Akauliza, "Hiyo ni dau au sinia la pilau?" Nikamwambia ni meli ya Wazungu wa zamani. "Umepiga upande mmoja?" Ndiyo mjomba. "Mpaka ubao wa ngapi?" Wa sita. Alicheka mpaka akakohoa, nikasikia anawaitia watu waje waone. Alafu akasema, "Mwanangu, chombo ni punda. Shogi lake la mizigo hujazwa pande mbili. Ukijaza huku tu si linamgeukia tumboni?"

Yaani ni jambo dogo kiasi hicho na hakuna karatasi iliyoniambia. Kila ubao unapoukunja unataka kunyooka, huo ndo ubishi wa mbao, unavuta. Ukiweka mmoja kushoto na mwenzake kulia wanavutana wanatulizana. Mimi nimeweka sita zinavuta upande mmoja na mkuku wenyewe plaiwudi ya milimita tatu, ungefanya nini masikini?

Ikabidi nibomoe. Ingekuwa nimetumia gundi nyeupe ya mbao ningelowesha na maji moto ingelainika, ila nilitumia supa gluu kwa sababu ya haraka, na supa gluu haisikii maji, inasikia asetoni. Asetoni ninayoijua mimi ni ya kutoa rangi ya kucha. Nikanunua chupa tatu, yule dada wa kaunta aliangalia kucha zangu nadhani akajua kuna msiba. Jioni nne mfululizo nafungua madirisha, nje nyuzi joto hasi sita, nimevaa koti sebuleni nachovya pamba nachokonoa mbao moja moja. Mbao mbili zilivunjika, nyingine zilitoka zimechakaa, na plaiwudi ya mkuku ikawa haitamaniki. Mtoto akapita akasema mama kwani lazima? Sikuwa na jibu.

Sasa hapo katikati ya kubomoa ndo mjomba akanitumia voisi moja ndefu ambayo ilinibadilisha akili. Alisema kilichomshangaza siyo kupinda, ni kwamba nimetanguliza mataruma. Akasema wazee wa zamani, wale wa mitepe, walianza na mbao, ngozi ya chombo inasimama kwanza, mataruma yanakuja baadaye kufuata umbo, siyo umbo kufuata mataruma. Mtepe kwa ambao hawajausikia ni chombo cha pwani yetu, wa Lamu na Wabajuni ndo walisifika kwa kuujenga, hauna misumari, mbao zimeshonwa kwa kamba ya kumbi la nazi. Kule Zanzibar walijenga mmoja wa mfano kwenye ua wa Beit al-Ajaib, nimewahi kuuona kabla jengo halijaporomoka upande mwaka 2020.

Nikaanza kusoma habari za Gokstad kwa hasira hivi, na kumbe! Waviking nao walitanguliza ngozi. Wanaweka mkuku, wanasimamisha mbele na nyuma, wanapanga mbao zikilaliana, wanazibana na ribiti za chuma zenye kibati upande wa ndani, katikati wanatia manyoya ya mnyama yaliyolowa lami ili maji yasipite, na mataruma wanayaingiza umbo likiwa limeshapatikana. Tena zile mbao za chini ya maji hawakuzipigilia kwenye mataruma, walizifunga kwa mizizi ya miti. Wamefunga! Huku chuma wanacho. Na tanga lao ni moja la mraba, na la mtepe vilevile moja la mraba ila la mkeka. Sisemi walikutana, wasinielewe vibaya wale wanaopenda kusema kila kitu kilitoka kwetu. Nasema fundi mwenye mbao nyembamba na bahari mbaya anafika kwenye jibu lilelile, kwamba chombo kikiwa kigumu kinapasuka, bora kijinyonge kidogo na wimbi. Mwaka 1893 nahodha mmoja wa Norwe, Magnus Andersen, alijenga nakala kamili ya Gokstad akavuka nayo Atlantiki mpaka Marekani kwenye maonesho ya Chicago, kutoka Bergen mpaka Newfoundland siku 28, na aliandika kwamba kingo za juu zilikuwa zinajipinda karibu sentimita 15 kwenye mawimbi na bado haiingizi maji. Nilisoma hiyo nikaangalia plaiwudi zangu nikaona aibu.

Kwahiyo nikaanza upya kwa njia yao. Mkuku nikachonga wa mbao kweli, kipande cha mpea alichonipa babu mmoja jirani wa chini, seremala mstaafu, mtu wa maneno kumi kwa mwaka. Zile mbavu za plaiwudi nikazifanya kalibu tu, nikazifunga kichwa chini kwenye ubao mnene, nikazipaka nta ya mshumaa gundi isishike, ili mwisho nizitoe zote nibaki na ganda. Mbao nikakata mwenyewe kwenye vinia, yale mabapa membamba ya mbao, ya milimita moja, kwa sababu meli yenyewe mbao zake zilikuwa nyembamba hivyo, kama sentimita mbili na nusu kwenye chombo cha mita 23, ukigawa kwa 35 unapata hata milimita moja haifiki.

Na hapa ndo pagumu kuliko pote, nitakaa hapa kidogo. Mtu anadhani ubao wa meli ni mstari ulionyooka umekunjwa. Hapana. Ubao ukiulazimisha ubavuni unakubali kukunjwa kwa bapa lakini kwa ukingo wake, yaani kwenda juu na chini, haukubali hata ufanyeje, unabinuka unaacha mwanya. Kwahiyo inabidi uukate tayari una mkunjo wake, na ukiulaza mezani hauonekani kama ubao wa meli, unaonekana kama tabasamu, mwingine kama mundu, na hakuna mbili zinazofanana isipokuwa kushoto na kulia. Mimi nilishindwa kabisa kupima kwa rula mpaka nikakumbuka marehemu mama alivyokuwa anakata mikono ya blauzi. Mkono wa blauzi ukiuona umelala haufanani na mkono wa mtu hata kidogo! Basi nikafanya kama yeye, nikachukua masking tepu nikabandika pale ubao utakapokaa, nikachora kwa penseli kingo ya ubao wa chini, nikabandua, nikabandika juu ya vinia, nikaongeza milimita mbili za kulaliana, nikakata. Wa kwanza haukukaa. Wa pili ulikaa nusu. Wa tatu ulilala pale kama umezaliwa pale, nikaita mtoto aje aone, akasema "sawa mama".

Kukunja nako nilihangaika, mara nilowanishe, mara mvuke wa sufuria, mwisho iliyofanya kazi ni pasi ya nywele. Ubao unalowekwa maji moto kama dakika kumi, unabanwa na pasi taratibu huku unaukunja, moto unaulainisha ukipoa unabaki hivyohivyo. Nywele zangu zilikaa mabutu mwaka mzima sababu pasi imejaa utomvu. Halafu vibanio vya nguo, nilinunua sitini, vile vya mbao, unavigeuza ndani nje vinabana vizuri zaidi. Na gundi nyeupe tu, supa gluu nilimpa jirani. Kushoto mmoja, kulia mmoja, nikimaliza jozi naacha mpaka kesho. Ubao mmoja wa chini ukikosea nusu milimita wa juu yake unarithi, na wa juu yake unarithi na kuongeza, ukifika wa kumi limekuwa kosa la milimita tatu na hukumbuki lilianzia wapi. Wa nne wangu kulia una hilo kosa mpaka leo. Niliuona ukiwa bado mbichi, nikajisemea nani atajua, sasa wageni wakija macho yangu yanaenda palepale kabla hawajakaa.

Meli ya asili sikuweza kuiona, makumbusho yao Oslo yalifungwa tangu 2022 wanajenga jengo jipya. Ila hapa kwetu bandarini kuna Gaia, nakala ya Gokstad ambayo mwaka 1991 ilifika mpaka Marekani, kiangazi inafungwa pale gatini unaiona bure. Nilikwenda mara nyingi nadhani wanaojitolea pale walidhani nina mpango wa kuiiba. Kukaa nayo uso kwa uso kulinisaidia kuliko michoro yote, nikaona matundu ya makasia yako kwenye ubao wa 14, na kila tundu lina mfereji mdogo pembeni ili kasia lipitishwe kutokea ndani na bapa lake, na kuna kifuniko cha kulizibia maji yakichafuka. Kwenye modeli yangu nilikuwa nimeshatoboa matundu 32 ya duara safi kama ya filimbi. Siku hiyo nilirudi nyumbani na kisu.

Makasia ndo nilichemka tena. Nilichonga 32, yote sentimita 15 na nusu, nimepanga kwa mstari kama penseli za dukani, raha. Kumbe ya Gokstad hayalingani, ya katikati mafupi, ya omo na tezi marefu, kwa sababu chombo kinainuka mbele na nyuma na tundu linakuwa juu zaidi ya maji. Ukilinganisha urefu wenzio wa mbele wanapiga hewa. Nilichonga mapya kumi na mawili, mengine nikayaacha, nilichoka jamani.

Mtoto alirudi kwenye ngao. Ngao ziko 64, 32 kila upande, moja nyeusi moja njano, na hizo rangi siyo za kubuni, waliikuta hivyo. Tulikaa wikiendi tatu mezani tunapaka vijisahani vya upana wa sentimita mbili na nusu, na ndo mazungumzo marefu zaidi niliyowahi kufanya na huyo mtoto tangu ajue kusoma, mambo ya shule, mambo ya rafiki yake aliyehama, huku anapaka hata haniangalii. Alitaka tuweke na watu wenye kofia za pembe, nikamwambia hizo ni za jukwaani, waliwavisha waigizaji wa opera Ujerumani karne ya 19, Mviking hakuvaa pembe. Alikasirika kidogo.

Lami sasa. Ningepaka vanishi mambo yakaisha, ila mimi kiherehere, nikataka lami ya msonobari kabisa kama yao, inauzwa huku dukani kwa ajili ya boti. Nikapaka nzito. Wiki ya kwanza haikauki, ya pili haikauki, nikigusa inaacha vidole, vumbi na nywele za paka wa jirani zote zimenasa ubavuni. Ilibidi nifute na tapentaini na kupaka tena imechanganywa nyembamba mno, inafyonzwa, unafuta, unasubiri. Lakini harufu yake! Nilipofungua kopo nikasimama. Siyo harufu ya sifa, sifa ni mafuta ya papa inanuka mpaka mbinguni, lakini zote ni harufu ya chombo kinachotunzwa, nikajiona mdogo niko ufukweni Pangani nimetumwa kumpelekea mjomba chakula na yeye amepaka mpaka viwiko. Nikamtumia picha. Akajibu, "Sifa hamna huko?"

Tanga nilishona kwa kitambaa cha shuka kuukuu, nikalichovya chai ya rangi. Likaning'inia kama nguo kwenye kamba. Nikalilowesha gundi iliyozimuliwa na maji, nikalipulizia kwa drayeya mpaka likafura likakaukia limefura. Ni rahisi kuliko nilivyoogopa, hapo sina la kusema.

Ganda lilipotoka kwenye kalibu ndo nilikuwa na hofu kuliko siku zote. Nilifungua kamba moja moja, natoa mbavu moja moja, nasikia vimlio vidogo vya kukatika nta. Nilikuwa nimesoma kwamba hata wenyewe wameshachemka, kuna nakala ya meli nyingine ya huku, ile ya Oseberg, waliyoijenga miaka ya 1980 wakaipeleka majaribio 1988 ikazama. Baadaye walipopima upya mabaki kwa mashine wakaona umbo la mbele lilikuwa limerekebishwa vibaya tangu zamani, wakajenga nyingine Tønsberg, ikashushwa majini 2012, hiyo inaenda vizuri. Sasa kama wao wenye vyuo vikuu walizamisha chombo kizima kwa ajili ya umbo la omo, mimi na tepu yangu ni nani. Mbavu ya mwisho ilitoka. Ganda likabaki mkononi, jepesi hata sijui nifananishe na nini, nikalibonyeza kidogo pande mbili likakubali, likarudi. Nikaingiza mataruma ya kweli baadaye, nikayafunga kwa uzi, siyo yote.

Jumamosi iliyopita mjomba akauliza swali ambalo mimi miezi yote hiyo sikuwahi kujiuliza. "Inaelea?" Nikamwambia mjomba hii ni ya kuweka kabatini. "Mimi sijakuuliza inakaa wapi."

Mtoto akajaza beseni la kuogea kabla sijabisha. Tukatoa mlingoti na ngao, tukatia mawe kidogo tumboni, nikaishusha kwa mikono miwili, mjomba yuko kwenye simu tumemsimamisha juu ya sinki. Ilikaa. Imelalia kulia kidogo, huko ndiko usukani wao ulikuwa unakaa, ubavuni kulia, na huko ndiko uliko ubao wangu wa nne. Mtoto akaivuta kwa uzi ikateleza kabisa, inapasua maji haifanyi hata wimbi la maana. Kama dakika tatu hivi. Kisha nikaona kijimaji kinameremeta ndani, karibu na mkuku, kinaongezeka. Mtoto akapiga kelele akachukua kijiko akaanza kukumba. Mjomba hana wasiwasi kabisa, anasema chombo kipya lazima kivuje, kiacheni kilowe mbao zivimbe zitazibana zenyewe, kesho mtaniambia.

Niliitoa. Najua chombo kipya kinavuja ila hizi mbao zina gundi, na kazi ya miezi kumi na minne siiachi usiku mzima kwenye beseni kwa neno la mzee aliye barazani Pangani. Sasa hivi iko juu ya taulo, nimeiweka mbali na hita isije ikapasuka, na mtoto kila akipita anainama kuangalia ule ubao wa nne.